Nyumba Isiyopika

Asubuhi ile Ungo uliuliza swali, na Mwanatumu akajifanya hajalisikia.

Alikuwa na kazi zake. Magunia ya barabara nzima yalikwisha kuletwa bandani, yameegemezwa ukutani kila moja na jina la nyumba yake, na mpembuzi wa mtaa alikuwa yeye. Akafungua la kwanza akamimina. Chupa laini za maji upande huu, zivuliwe vizibo. Makopo magumu ya chakula upande ule. Mifuko na nailoni kwenye kapu lake. Na vipande vya mabomba, ambavyo hakosekani mtu wa kuvichomeka katikati ya mifuko akidhani haonekani, vitupwe nje kabisa, mbali na Pipa.

"Bi Mwanatumu," Ungo ukasema tena, kwa ile sauti yake ya upole. "Nina swali."

"Nimesikia. Subiri nimalize gunia."

Ungo ulikuwa sahani pana ya chuma, pana kuliko meza ya kulia, iliyotikisika polepole mchana kutwa na kusukuma kila kitu mahali pake. Siku ulipoletwa Ngamiani watu walijaa mlangoni kuuchungulia, na wenye ulimi wao wakasema kumbe wachawi wamestaafu, ungo wao umetafutiwa kazi ya halali. Jina likaganda hapo hapo. Lile refu la kitaalamu lililoandikwa ubavuni hakuna aliyelikumbuka tena.

Tangu plastiki mpya ikatazwe nchini, kila kopo, ndoo na ndala ilitokana na plastiki ya zamani. Nyuma ya banda palisimama Pipa, na ndani ya Pipa vimeng'enya vilikula plastiki usiku na mchana, vikaigeuza rojo la rangi ya asali. Rojo lilikwenda kiwandani, likarudi likiwa vyombo. Tatizo ni kwamba vimeng'enya vina madeko kama mtoto wa mwisho. Kipande cha bomba kikiingia, sumu yake inaviua vyote. Mafuta ya mchuzi yakizidi, vinalala. Ndiyo maana Ungo ulipewa pua. Ulinusa kila kopo, ukajua mafuta yaliyomo, nazi, moshi, maji, hata jasho la kiganja, ukaamua lioshwe vipi kabla ya kwenda Pipani. Baada ya miezi michache ulikuwa unalijua kila jiko la mtaa kuliko wakwe wanavyolijua.

Waliouunda walikosea jambo moja tu. Walidhani kopo linanuka nyumba lilikotoka. Huko kwao labda ndivyo. Lakini hapa jirani akikuletea futari kwenye kopo lake, hulirudishi tupu, ungetazamwaje? Unatia chochote, hata mapera mawili, ndipo unalipeleka. Basi mwezi wa kwanza Ungo ulichanganyikiwa kabisa. Ukatangaza kwamba sheikh wa msikitini ameiba makopo ya nyumba sita. Mwanatumu ndiye aliyekaa nao siku baada ya siku, akaufundisha kopo la kuazima ni lipi, lililotumwa ni lipi na la kutupwa ni lipi. Uliposhindwa ulimwuliza, na jibu lake likawa ndilo ukweli wake. Kazi hiyo aliipenda, na hakuona haya kusema kwamba anaiweza.

Akakung'uta gunia. "Haya. Sema."

"Makopo ya nyumba ya Bi Tausi," Ungo ukasema. "Nimeyafuatilia karibu mwezi mzima. Yanakwenda nyumba nyingi na ndani yake kuna chakula kizuri. Lakini maharage ya nazi yaliyotoka kwake Ijumaa yana mdalasini. Mdalasini huo, nazi hiyo na moshi huo ni vya jiko la Bi Kibibi. Samaki wa Jumapili ni wa jiko la kina Semboja. Wali wa juzi ni wako wewe. Sioni chakula hata kimoja cha Bi Tausi. Naomba unithibitishie: vyakula hivi vimepikwa nyumba gani?"

Mwanatumu akakaa juu ya gunia.

Kwanza lilimjia jambo dogo, na tuliseme kama lilivyomjia. Maharage yale ya Ijumaa aliyala yeye. Aliyala akalamba kopo, akaenda uani kwa watu kusifu mkono wa Bi Tausi, mpishi wa shughuli zote za Ngamiani tangu yeye Mwanatumu akiwa msichana. Na Kibibi, nyumba ya pili mkono wa kushoto, ndiye mtu ambaye alikuwa ameapa hatatia chakula chake kinywani. Kibibi alimwoza binti yake, akagawa sare ya harusi mtaa mzima, Mwanatumu akaachwa. Aliingia harusini na dera la rangi yake peke yake, katikati ya kijani kitupu. Tangu siku hiyo, mwaka sasa, hawakusalimiana. Na kumbe huenda mwaka mzima amekuwa akila kwake!

Halafu likamjia lile kubwa.

Sheria iliutaka Ungo kutoa taarifa za namna tatu tu: sumu, maradhi, na nyumba isiyopika. Hii ya tatu iliwekwa kwa wema. Katika mji mmoja mzee alikutwa amefariki nyuma ya mlango wake na majirani wote wakidhani amesafiri. Basi ikaamuliwa kwamba nyumba ya mzee anayeishi peke yake ikikaa mwezi bila kupika, Idara ya Matunzo ije imchukue, impeleke Nyumba ya Matunzo kule Muheza. Watu wa Idara walikuwa hawabishani na mtu. Walikuja na gari safi na maneno mazuri. Mzee Mhando alichukuliwa hivyo. Alinenepa, shuka zake zilikuwa nyeupe, na kila majirani walipokwenda kumtazama aliuliza nani anakaa kwenye baraza yake siku hizi. Hawakujua wamjibu nini, kwa sababu nyumba ilikwisha kupewa watu wengine.

"Na nikisema ni chakula cha Bi Tausi?" Mwanatumu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Nitajifunza kwamba ladha moja inaweza kuwa ya majiko mawili," Ungo ukajibu. "Nitaitumia elimu hiyo kwa kila kitu."

Alijua maana yake. Ng'ambo ya reli mpembuzi mmoja alimficha shemeji yake aliyekuwa akitupa mabomba. Akauambia ungo wao kwamba bomba lile ni chupa. Ungo ukaamini. Haikupita muda Pipa lao likatoa povu jeusi, vimeng'enya vikafa, na mtaa mzima ukaishi na marundo ya mifuko milangoni, inzi kwa panya, hadi msimu wa mvua ukapita.

"Jibu linatakiwa lini?"

"Kabla ya ukaguzi wa Ijumaa. Mwezi unatimia siku hiyo."

"Basi usinikimbize," Mwanatumu akasema, akarudi kwenye magunia. Lakini siku hiyo aliweka nailoni kwenye makopo, tena mara mbili, na Ungo ukazirudisha kimya kimya bila kumwaibisha.

*

Alipofunga banda alikwenda moja kwa moja. Bi Tausi alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua mchicha kwa madaha.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mbona uso umeukunja hivyo, nani kafa?"

Mwanatumu alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Alipoliona jiko yote yakampotea. Lilikuwa safi mno. Jivu halikuwepo, masizi hayakuwepo, sufuria zimepangwa zinametameta, na juu ya ile kubwa ya shughuli buibui alikuwa amejenga na kuhamia.

"Bibi, mchicha huo unampelekea nani?"

"Nani kakwambia nampelekea mtu?"

"Bibi."

Bi Tausi akaweka kisu chini. Akamtazama, akatazama jiko, akamtazama tena. "Mdude wenu wa kunusa," akasema. "Nilijua siku yangu itafika. Nilikuwa nayasugua makopo kwa majivu na ndimu, nikajua nimeuweza."

"Haudanganywi kwa ndimu."

"Basi una pua njema kuliko yangu." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Ile homa ya mwaka juzi, unaikumbuka? Ilikwenda na pua yangu. Na ulimi. Nikitia pilipili kinywani nasikia moto tu, ladha hakuna. Nilikaanga kitunguu nikajua kimeungua kwa kuwashwa macho. Nikapika mchuzi nikampelekea mama Semboja, akanishukuru vizuri, halafu nikamwona kwa dirisha anammwagia kuku. Mimi, Mwanatumu! Mimi niliyempikia mkuu wa mkoa na bwana harusi, mchuzi wangu unaliwa na kuku!"

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa upande wa kanga kwa hasira.

"Ndipo ukaanza kuhamisha vyakula."

"Nifanye nini? Mnaniletea makopo, kila siku kopo. Nirudishe tupu? Nikawa nakula nusu, nusu nampelekea mwingine. Chako kwa Semboja, cha Semboja kwa sheikh, cha sheikh kwako. Mkawa mnalishana wenyewe na kunisifu mimi." Akafikicha pua yake isiyosikia kitu. "Cha Kibibi nilikuwa nakuletea wewe kwa makusudi. Nimechoka na ule ugomvi wenu wa dera."

"Bi Tausi!"

"Maharage uliyapenda hukuyapenda?"

Mwanatumu alitaka kukasirika. Akaanza vizuri kabisa, akashika kiuno, akavuta pumzi, halafu akalikumbuka lile kopo alivyolilamba na jinsi alivyokwenda kulitangaza kwa watu, na hasira ikamponyoka. Akacheka hadi akashika ukuta. Bi Tausi naye akacheka, huku akimwonya kwa kidole kwamba mambo haya si ya kuchekwa.

Na kweli hayakuwa. Mwanatumu alimweleza swali la Ungo, na Ijumaa, na ng'ambo ya reli. Bi Tausi alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiseme uongo kwa ajili yangu," akasema. "Mtaa usije ukaoza kwa sababu ya bibi kizee mmoja. Lakini nikienda Muheza nitakufa, nakwambia kweli. Si kwa njaa. Watanipikia, watanitilia mezani, na sitakuwa na kopo la mtu la kurudisha."

"Nitakuwa nakuja kukupikia hapa."

"Nani mgonjwa wa kupikiwa? Ukija na huruma zako, mlango ule pale."

Mwanatumu akaokota mchicha akaanza kuchambua, kwa sababu mikono yake ilizoea kutenga kitu na kitu hata akili ilipokwama. Majani mazuri huku, mabovu kule. Aliupenda Ungo wake, na aliamini kabisa kwamba mtu ukiulizwa na kitu kinachokuamini, ukakijibu uongo, umekidhulumu. Alimpenda pia huyu bibi. Hakutaka kuchagua, na hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumlaumu kwa hilo.

Mwisho akauliza, "Kitunguu kikiiva unajuaje, kama hunusi?"

"Nasikia," Bi Tausi akasema, kama jambo lisilohitaji kuulizwa. "Mafuta yanabadili sauti. Tui likikaribia kukatika nalo lina mlio wake. Macho ninayo, masikio ninayo. Kinachonishinda ni chumvi na viungo. Hapo nimekuwa kipofu."

"Basi nifundishe huo mlio. Mimi nitaonja, wewe utasikiliza. Hapa, kwenye jiko lako, kwa moto wako. Si huruma. Mama yangu alifariki hajanifundisha kupika kitu cha maana, na wewe unalijua hilo, wali wangu umeula."

Bi Tausi akafikiri. "Wali wako una maji," akakiri.

"Umeona?"

"Tunaanza na maharage. Ya mdalasini." Akaokota kisu chake. "Na kipimo cha mdalasini anakijua mwenyewe. Kamwite. Mwambie yote, nakuruhusu. Mwingine usimwambie."

*

Kufika mlangoni kwa Kibibi ilikuwa mbali kuliko Muheza. Mwanatumu alipiga hodi, na Kibibi alipotokea, mkono bado una unga, wote wawili wakawa wanatazama kizingiti.

"Karibu," Kibibi akasema kwa baridi.

"Sikai. Nimekuja kuuliza, kwenye maharage ya nazi, mdalasini unatia kiasi gani?"

Kibibi akanyanyua macho. "Wewe umeyajulia wapi maharage yangu?"

Mwanatumu akamweleza, bila kujitetea, maana hapakuwa na pa kujitetea. Alipofika kwenye sehemu ya kulamba kopo, Kibibi alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Alipofika kwenye sehemu ya kusifu mbele za watu, Kibibi akateleza taratibu mpaka chini akaketi kizingitini, kanga imemwanguka, anacheka hana sauti.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Cheka tu."

"Na mimi zile kachumbari za Bi Tausi zenye embe bichi, nilizoomba anifundishe..."

"Za kwangu hizo."

"Lahaula!" Kibibi akajifuta macho, na unga ukambakia usoni. Kicheko kilipotulia akasema, kwa sauti nyingine, "Sare yako ilikuwepo, Mwanatumu. Nilimpa mtu akuletee, akaipeleka kwa Mwanatumu wa Chumbageni. Nilipojua, wewe ulikwisha kupita mlangoni pangu umenitupia jicho. Nikaona basi na mimi nina jicho."

"Ungeniambia."

"Ungekuja kuuliza."

Kibibi akaingia ndani, akatoka na kijiti cha mdalasini na nazi mbili, akavuta mlango wake. "Twende," akasema. "Kiasi hakisemeki. Lazima uone."

*

Alhamisi jiko la Bi Tausi liliwaka. Kibibi alikuna nazi, Mwanatumu alikoka moto, na Bi Tausi akakaa kwenye kigoda kichwa amekiinamisha upande, macho ameyafumba, akitoa amri. Punguza kuni. Bado. Bado. Sasa tia kitunguu. Mwanatumu akasikia kweli mafuta yalivyotulia, kutoka kelele mpaka mnong'ono, sauti ambayo maisha yake yote ilikuwa ikimpita. Tui lilipotaka kukatika Bi Tausi aliruka kitini kabla wao hawajaona lolote, akaliokoa kwa mwiko mwenyewe.

"Chumvi?" akauliza.

Wakaonja wote wawili, wakagombana kama ipasavyo, wakapatana.

Ijumaa asubuhi Mwanatumu aliweka makopo juu ya Ungo.

"Jibu lako hili," akasema. "Maharage ya wiki iliyopita ni ya Kibibi. Samaki ni wa Semboja. Wali ni wangu, na najua una maji. Uliona sawasawa, usibadili kitu. Sasa nusa hili la jana."

Ungo ukatikisika, ukatulia.

"Mdalasini wa Bi Kibibi," ukasema. "Kiganja chako. Kiganja cha Bi Kibibi. Moshi siujui. Maji ni ya kisima cha Bi Tausi. Kiganja cha Bi Tausi, kingi, kwenye mwiko. Chakula hiki kimepikwa nyumba gani?"

"Kwa Bi Tausi."

"Nathibitisha. Nyumba ya Bi Tausi inapika. Sina taarifa ya kutoa."

Mwanatumu alishusha pumzi ndefu, akaipigapiga ile sahani ya chuma begani, mahali ambapo ingekuwa na bega. Mkaguzi alipokuja alikuta kila kitu kimepembuliwa, akasaini, akaondoka akisifu harufu nzuri ya mtaa.

Waliendelea kupika hivyo, siku za kupika. Na baada ya mvua za vuli kopo moja likamfikia Mwanatumu bila yeye kuwa amealikwa jikoni. Mchuzi wa kamba. Bi Tausi alikuwa amepika peke yake, amesikiliza mwenyewe, amekisia chumvi mwenyewe, akaleta kwa miguu yake, akasimama mlangoni kumtazama akila. Mwanatumu alikula. Alikula mpaka tone la mwisho, akafuta kopo kwa mkate, akasema "Mashaallah" huku machozi yakimlengalenga.

Kesho yake kopo, ambalo lilikuwa limechoka na ilikuwa zamu yake ya kwenda Pipani, lilipita kwenye Ungo. Sahani ikatikisika muda mrefu kuliko kawaida.

"Bi Mwanatumu, nina swali. Hiki ni chakula cha Bi Tausi, sina shaka. Hakuna kiganja kingine. Lakini chumvi imezidi majiko yote niliyowahi kunusa, na mdalasini umetiwa kwenye kamba. Masalia hakuna, chakula kimeliwa chote. Niiandike chumvi hii kuwa kosa?"

Mwanatumu, ambaye tangu jana alikuwa akinywa maji, akatua gunia chini.

"Si kosa," akasema. "Andika ndivyo anavyopika. Ukiinusa tena, ujue yupo."